Miaka Mitatu ya Happy End: Bendi Iliyokipatia Kijapani Nafasi Katika Muziki wa Roki

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi nyote mliotenga jioni yenu kuja kusikiliza habari za muziki, nawashukuru.

Nimeombwa nizungumzie bendi moja ya nje ambayo imenigusa, na sikuhitaji muda wa kufikiri. Nimechagua bendi ya Kijapani iliyoitwa Happy End, iliyoundwa mwaka 1969, ikavunjika rasmi tarehe 31 Desemba 1972, na katika umri huo wa miaka mitatu na ushee ikarekodi albamu tatu tu. Siku zile haikuwa bendi ya kujaza viwanja, wala haikupata wimbo uliovuma nchi nzima. Hata hivyo, Wajapani wanaoandika historia ya muziki wao hurudi kwenye bendi hii kila wanapotaka kueleza ni lini muziki wa roki ulianza kuwa wa kwao. Ninachotaka kuwaonyesha ni namna jambo hilo lilivyofanyika. Lilifanyika ndani ya maneno yenyewe, silabi kwa silabi, na waliolifanya ni vijana wanne ambao mkubwa wao, walipoanza, alikuwa na miaka 22.

Tutazame kwanza hali waliyoikuta. Katikati ya miaka ya 1960 bendi ya Kimarekani ya The Ventures, iliyopiga magitaa ya umeme bila kuimba, iliwatia wazimu vijana wa Japani, na gitaa la umeme likawa ndoto ya kila kijana aliyekuwa na masikio. Mwaka 1966 The Beatles walipiga Tokyo katika ukumbi wa Nippon Budokan, ambao ulikuwa umejengwa kwa ajili ya mashindano ya judo ya Olimpiki ya 1964, na wapo waliokasirika kuona ukumbi wa michezo ya jadi ukigeuzwa jukwaa la magitaa. Baada ya hapo yakavuma makundi kama The Tigers na The Spiders, vijana watanashati waliovaa sare na kuimba kwa Kijapani. Lakini nyimbo nyingi za makundi hayo zilitungwa na watunzi wa kampuni za santuri, watu wazima waliokuwa wakijua vizuri soko linataka nini, na kufikia 1969 wimbi hilo lilikuwa linakupwa. Vijana waliouchukulia muziki wa roki kwa uzito walijitenga nalo. Wengi wao waliona kwamba roki ya kweli huimbwa kwa Kiingereza, basi.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Haruomi Hosono, mpiga besi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rikkyo jijini Tokyo. Mwingine alikuwa Takashi Matsumoto, mpiga dramu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Keio, ambaye alikuwa msomaji wa vitabu kuliko mpiga ngoma yeyote aliyekuwa karibu naye. Wawili hao walikuwa pamoja katika bendi iliyoitwa Apryl Fool, iliyotoa albamu moja mwaka 1969 na kusambaratika mara tu albamu hiyo ilipotoka. Hosono akaanza kutafuta watu wa bendi mpya. Akampata Eiichi Ohtaki, mwenyeji wa mkoa wa Iwate huko kaskazini, mtu aliyeijua historia ya muziki wa Kimarekani kama sharifu anavyozijua nasaba. Akampata pia Shigeru Suzuki, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 18, lakini gitaa la solo lilikuwa linamtii. Kwanza walijiita Valentine Blue, jina la Kiingereza kama ilivyokuwa desturi. Mwaka uliofuata walibadilisha, wakachukua jina la Happy End.

Naomba tusimame kidogo kwenye jina hili, kwa sababu ndani yake mna habari nzima. Maneno ni ya Kiingereza, lakini wao waliyaandika kwa hiragana. Wajapani wana aina mbili za herufi za silabi: katakana, ambayo hutumika kuandikia maneno ya kigeni, na hiragana, ambayo ndiyo mtoto hufundishwa kwanza, herufi laini za nyumbani. Neno la kigeni likiandikwa kwa katakana, macho ya msomaji hulitambua mara moja kuwa ni mgeni. Vijana hawa walilivua neno vazi la ugeni, wakalivika kanzu ya nyumbani. Nalo likasomeka ha, p, pi, i, e, n, do. Hesabuni wenyewe: mizani saba.

Nimetumia neno mizani kwa makusudi, kwa maana hapa sisi tuna bahati ya kuelewa upesi jambo ambalo mataifa mengine hulielewa kwa kuelezwa sana. Kijapani, kama Kiswahili, ni lugha ambayo silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Mashairi yao ya jadi huhesabiwa kwa mizani kama yetu: haiku ina 5, kisha 7, kisha 5, na tanka ina jumla ya 31. Hata ile n inayosimama peke yake huhesabiwa kuwa mizani kamili, kama sisi tunavyoihesabu m ya mtu. Neno la kigeni likiingia Japani hupachikwa irabu, kama sisi tulivyoipachika irabu benki na shati. Neno rock, ambalo kwa Kiingereza ni pigo moja, kwao hutamkwa rokku, na hilo ni mizani tatu.

Sasa ugumu unaonekana. Muziki wa roki ulizaliwa katika lugha ambayo noti moja hubeba neno zima, na neno hilo hupigwa kwa nguvu kama nyundo. Kwa Kijapani noti ileile hubeba kipande tu cha neno. Ukitaka kusema jambo lilelile, ama ujaze silabi nyingi mpaka mwimbaji akose pumzi, ama useme machache sana na wimbo uwe mtupu. Aliyewahi kujaribu kuutia maneno ya Kiswahili wimbo wa kigeni anaijua adha hii. Neno nakupenda pekee linamaliza noti nne kabla hujasema unampenda kwa sababu gani. Mashairi ya Kijapani yalikuwa yameishi karne nyingi kwa mizani yake, lakini mizani hiyo ilitembea kwa hatua zinazolingana, na roki inataka hatua nzito na nyepesi. Swali halikuwa la kipuuzi hata kidogo, na waliosema haiwezekani walikuwa na hoja.

Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitoka Agosti 1970 kwenye lebo ya URC, kampuni ndogo iliyokuwa imeanza kwa kuwauzia santuri wanachama wake. Jaladani kuna mchoro wa mtaa, na katika mchoro huo kuna bango la duka lenye neno yudemen, yaani tambi za kuchemsha. Mashabiki wakaiita albamu Yudemen, na mpaka leo ndivyo wanavyoiita. Inafunguliwa na wimbo Haru yo Koi, yaani Masika Njoo. Gitaa linaingia zito na la kunguruma, kama la bendi yoyote ya California ya wakati huo, halafu Ohtaki anaanza kuimba habari za Mwaka Mpya nyumbani: familia imezunguka kotatsu, ile meza fupi yenye moto chini na blanketi juu, wanakula supu ya sikukuu na kucheza karata za jadi. Kijana anayeimba yuko peke yake mjini, ameyaacha yote hayo. Hakuna pikipiki, hakuna barabara kuu ya Marekani. Kuna supu ya mama.

Na sikilizeni anavyoimba. Ohtaki hafuati mipaka ya maneno. Anaivuta irabu mahali ambapo msemaji wa kawaida angeipita haraka, anakata neno katikati na kulimalizia kwenye pigo linalofuata, kiasi kwamba Mjapani mwenyewe husikia kwanza sauti, kisha maana ndiyo inamfikia. Wapo waliolalamika kwamba hawaelewi anachoimba. Mimi naona hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Ohtaki alizitafutia irabu zile mahali pa kuegemea ndani ya mdundo, akakisogeza Kijapani nusu hatua na mdundo nusu hatua, mpaka vikakutana.

Katika miezi hiyohiyo bendi ilikuwa ikimsindikiza Nobuyasu Okabayashi, mwimbaji wa folki aliyependwa sana na wanafunzi waliokuwa wakiandamana. Kazi hiyo iliwapa jukwaa na watu wa kuwasikiliza. Siichambui zaidi, kwa sababu utunzi wao wenyewe ulikuwa mahali pengine.

Mwaka 1971 likazuka lile lililokuja kuitwa Mjadala wa Roki ya Kijapani. Jarida la muziki la New Music Magazine lilikuwa limeisifu sana albamu ya Happy End, na jambo hilo halikumfurahisha Yuya Uchida, mwimbaji na mwandaaji muziki aliyekuwa nyuma ya Flower Travellin' Band. Jarida likawakalisha mezani, Uchida upande mmoja, Ohtaki na Matsumoto wakiwamo upande wa pili. Msimamo wa Uchida ulikuwa kwamba Kijapani hakikai juu ya mdundo wa roki, na kwamba bendi inayotaka kusikika duniani haina budi kuimba kwa Kiingereza. Baadhi ya wasimuliaji humfanya Uchida kuwa mtu asiyeipenda lugha yake, na mimi siafikiani nao. Bendi yake iliyatimiza maneno yake: ilihamia Kanada, ikaimba kwa Kiingereza, na albamu yao ya Satori ya mwaka 1971 bado ni kazi inayoheshimika duniani kote. Uchida aliijibu hoja yake kwa kazi.

Happy End nao walijibu kwa kazi. Tena tusizidishe chumvi: hawakuwa wa kwanza kuimba roki kwa Kijapani, kwani nimekwisha kuwataja The Tigers na wenzao, na bendi ya Jacks ilikuwa imetoa albamu nzima ya nyimbo nzito za Kijapani mwaka 1968. Kilichokuwa kipya kwa Happy End ni kwamba walilichukua tatizo lenyewe, la lugha na mdundo, kuwa ndiyo kazi yao ya kila siku. Matsumoto aliandika mashairi, karibu yote, akiwa amekaa nyuma kwenye dramu. Fikirini jambo hilo. Mtu aliyekuwa akiamua neno gani litumike ndiye aliyekuwa akishika pigo ambalo neno hilo lingeliangukia.

Novemba 1971 wakatoa albamu ya pili, Kazemachi Roman, na hapa naomba mniruhusu nikae muda mrefu kidogo, kwa sababu hii ndiyo sababu ya mimi kusimama mbele yenu.

Kazemachi maana yake ni Mtaa wa Upepo. Hauko kwenye ramani. Matsumoto alikulia Aoyama, katikati ya Tokyo, na alikuwa kijana wa miaka 15 mwaka wa Olimpiki ya 1964. Kwa ajili ya michezo ile jiji lilipasuliwa: mitaa ya Aoyama ilibomolewa kupisha barabara pana, mito midogo ikafunikwa kwa zege, barabara za juu zikapitishwa juu ya mifereji ya zamani. Kisha, kati ya 1967 na 1972, tramu, zile treni ndogo za umeme zilizokuwa zikipita katikati ya barabara, ziliondolewa karibu zote. Kijana aliyekuwa akienda shule kwa tramu alijikuta mtu mzima katika jiji asilolitambua, na hakuwa amehama hata hatua moja. Basi akaujenga upya mtaa wake kwa maneno, akauweka mahali fulani kati ya Aoyama, Shibuya na Azabu, akauita Mtaa wa Upepo. Ukifungua jalada la santuri hiyo, mchoro wa ndani ni wa tramu.

Wimbo unaojulikana zaidi ni Kaze wo Atsumete, yaani Kuukusanya Upepo. Msimuliaji anatembea alfajiri kwenye vichochoro vya pembezoni mwa mji, na kupitia ukungu anaiona tramu iliyotoka kuamka ikivuka bahari. Anaendelea, na ng'ambo ya ukuta wa kuzuia mawimbi anauona mji mzima umetia nanga, umetweka tanga jekundu. Sisi tunaotoka pwani tunaiona picha hiyo bila kufafanuliwa. Kwa alfajiri Matsumoto hakutumia neno la kila siku. Alitumia maisō, neno la kitabuni ambalo Mjapani wa kawaida hana budi kufungua kamusi. Aliliweka neno hilo la wazee ndani ya wimbo wa gitaa na dramu, nalo likakaa kimya kama mzee aliyekaribishwa kiti.

Halafu kuna jambo jingine dogo, nalo ni zuri zaidi. Sentensi zake zinamalizikia na desu. Kijapani kina namna ya kusema ya adabu, ambayo mtu huitumia anapozungumza na asiyemzoea au aliyemzidi, na desu ni alama yake. Muziki wa roki ulijulikana kwa ukali na dharau, na huyu anakuja kuimba kwa lugha ya mtoto anayesimulia jambo mbele ya mwalimu: niliiona tramu ikivuka bahari, ndivyo ilivyokuwa. Wimbo mwingine wa albamu hiyo umeitwa kabisa Natsu Nandesu, na maana yake ni kwamba sasa ni majira ya joto, ila kwa adabu kamili. Adabu ile inaleta umbali, na umbali ndio unaoleta huzuni. Anayesimulia anakuwa kama mgeni katika mtaa wake mwenyewe, naye anausemesha kwa heshima kwa sababu anajua hautarudi.

Katika kuurekodi wimbo wa Kaze wo Atsumete walikuwamo wawili tu wa bendi, Hosono na Matsumoto. Hosono alipiga besi, magitaa na kinanda, na akaimba yeye mwenyewe kwa sauti ya chini, isiyopanda, kama mtu anayezungumza peke yake jikoni. Alikuwa amehangaika kwa muda kutafuta namna ya kuimba, kwa sababu koo lake halikuwa la kupaza, mpaka alipomsikia James Taylor wa Marekani na kutambua kwamba sauti ya chini nayo inaruhusiwa. Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi sana usiku, na kila mara kinachonishika ni besi. Inatembea taratibu, haina haraka ya kufika, na maneno yanaifuata nyuma kama anayetembea na ndugu yake.

Ukitaka kuona upande wao mkali, usikilize Haikara Hakuchi, wa Ohtaki na Matsumoto. Haikara ni neno la zamani, lililotokana na kola ndefu za mashati ya Kizungu, na lilitumika kumwelezea Mjapani aliyevaa na kuishi kwa mtindo wa Ulaya. Hakuchi ni mpumbavu. Kwa hiyo jina linamkejeli limbukeni wa mambo ya Kizungu. Lakini ukiligawa tamko hilohilo kwa namna nyingine, hai kara haku chi, linasomeka kuwa damu inayotapikwa kutoka mapafuni. Kejeli inageuka ugonjwa ndani ya silabi zilezile, na waimbaji wenyewe, vijana waliokuwa wakiziabudu santuri za Kimarekani, wamo ndani ya ugonjwa huo. Hakuna lugha nyingine ambayo wimbo huo ungeweza kutungwa.

Na albamu inafungwa na wimbo usiofika hata dakika moja, ambao maneno yake ni a, i, u, e, o, na silabi zinazofuata, kama watoto wanavyokariri darasani. Baada ya mjadala wote ule kuhusu kama lugha yao inafaa au haifai, walimaliza kwa kuziimba irabu zenyewe.

Tumepanda hadi kileleni, na kuteremka kutakuwa kwa haraka. Kufikia 1972 wanne hawa walikuwa kila mmoja ana njia yake. Ohtaki alikuwa anarekodi albamu ya peke yake, iliyotoka Novemba mwaka huo. Bendi ilikuwa imeshalegea, lakini ikapatikana nafasi ya kurekodi Los Angeles, katika studio ya Sunset Sound, nao wakaenda. Hebu wazieni maana ya safari ile kwa watu waliokuwa wamejifunza kila kitu kwa kusikiliza santuri kutoka mji huohuo. Kule walikutana na Van Dyke Parks, mtunzi na mpangaji muziki aliyewahi kufanya kazi na Brian Wilson wa The Beach Boys, na wanamuziki wa bendi ya Little Feat, akiwamo Lowell George, wakaingia studio kusaidia. Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo ya tatu unaitwa Sayonara America, Sayonara Nippon: kwaheri Marekani, kwaheri Japani. Walikuwa wameifikia Marekani ya ndotoni na kukuta ni mji wa kawaida wenye watu wa kawaida, na Japani waliyoiimba ilikuwa imekwisha kubomolewa. Albamu ilitoka Februari 1973 kwenye lebo ya Bellwood ya kampuni ya King, na wakati huo bendi haikuwapo tena.

Waliwaaga watu tarehe 21 Septemba 1973 katika ukumbi wa umma wa Bunkyo, Tokyo. Onyesho lenyewe waliliita City, Last Time Around, na maneno hayo ya mwisho ni jina la albamu ya mwisho ya Buffalo Springfield, bendi ya California waliyoipenda kuliko nyingine, ambayo nayo iliishi miaka michache tu. Hata katika kuagana walitafuta namna ya kutoa salamu kwa walimu wao. Na usiku ule walileta jukwaani kazi zao mpya, kila mmoja na watu wake, kama ndugu wanaogawana mashamba bila ugomvi huku majirani wakishuhudia.

Hosono na Suzuki waliunda kundi la wapigaji lililoitwa Caramel Mama, na Novemba 1973 kundi hilo likapiga kwenye albamu ya kwanza ya binti mmoja aliyeitwa Yumi Arai, ambaye baadaye akawa mmoja wa watunzi wakubwa kabisa wa Japani. Mwaka 1978 Hosono, pamoja na Ryuichi Sakamoto na Yukihiro Takahashi, akaanzisha Yellow Magic Orchestra, na muziki wao wa sinthesaiza ukasikika dunia nzima. Suzuki alirudi Los Angeles na kurekodi albamu yake, Band Wagon, iliyotoka mwaka 1975. Matsumoto aliziweka kando fimbo za dramu na kuwa mtunzi wa mashairi ya nyimbo za pop, na idadi ya nyimbo alizoziandikia maneno imezidi 2,000. Wapo waliosema amejiuza. Lakini nyimbo za Seiko Matsuda, nyota wa vijana wa miaka ya 1980, ukizisoma maneno yake utaukuta Mtaa wa Upepo humohumo, na ukisoma majina ya watunzi utawakuta wenzake: Kaze Tachinu ya 1981 muziki wake ni wa Ohtaki, Tengoku no Kiss ya 1983 ni wa Hosono. Wasichana wa shule wa nchi nzima walikuwa wakiimba kazi ya Happy End bila kulijua jina la Happy End.

Nataka kuwasimulia jambo moja kati ya Ohtaki na Matsumoto. Mwaka 1980 Ohtaki alikuwa amefika pabaya. Lebo yake ya Niagara ilikuwa imetoa kazi nyingi za ubunifu zisizouzika. Akamwendea mwenzake wa zamani na kumwomba amwandikie maneno ya albamu mpya. Matsumoto akakubali, lakini katikati ya kazi dada yake mdogo akafariki dunia, na kalamu ikagoma. Alimwambia Ohtaki atafute mtu mwingine. Ohtaki alikataa, akasema atamsubiri, na albamu ikaahirishwa. Matsumoto ameeleza kwamba siku zile alitembea Shibuya na kuuona mji umepoteza rangi zake zote. Kutokana na hayo akaandika Kimi wa Tennenshoku, wimbo wa mtu anayeomba kumbukumbu zake za nyeusi na nyeupe zitiwe rangi. Ndio unaofungua A Long Vacation, iliyotoka tarehe 21 Machi 1981, ikauzwa kwa wingi ambao Happy End hawakuwahi kuuota, na mpaka leo kila majira ya joto yakifika Wajapani huipiga. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni wimbo wa furaha ya ufukweni, kwa jinsi kinanda na magitaa yanavyomeremeta.

Ulimwengu wa nje uliwafahamu baadaye. Mwaka 2003 Kaze wo Atsumete ulisikika katika filamu ya Lost in Translation, na mwaka 2007 toleo la Kijapani la jarida la Rolling Stone liliipa Kazemachi Roman nafasi ya kwanza kati ya albamu 100 bora za roki ya Japani. Wenyewe walikutana tena jukwaani mara moja tu wakiwa wanne, tarehe 15 Juni 1985, katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, kwenye tamasha la Mwaka wa Kimataifa wa Vijana.

Ohtaki alifariki tarehe 30 Desemba 2013. Novemba 2021, katika onyesho la kuadhimisha miaka 50 ya Matsumoto kama mtunzi wa mashairi, waliobaki watatu walipanda jukwaani kwa jina la Happy End, mahali palepale Nippon Budokan ambapo The Beatles walipiga walipokuwa wao bado vijana. Hosono alikuwa na miaka 74, ameshika besi. Suzuki, yule mtoto wao, alikuwa na 69. Matsumoto, mwenye miaka 72, mtu ambaye kwa karibu nusu karne alikuwa mtu wa kalamu, alikaa nyuma kwenye dramu, akainua fimbo, na kuanza kuhesabu pigo.

Asanteni kwa kunisikiliza.